API ya mapishi inanitoza pesa kwa sinia tupu, na sasa imetia mbuzi kwenye mbaazi

Wadau, salamu baadaye. Nina hasira tangu alfajiri na uzi huu nauandika nikiwa Kisauni, laptopu mapajani, chai imepoa. Anayetaka kunishauri kwa upole arudi kesho.

Kisa chenyewe ni hiki. Mamangu mdogo hupikia watu wa harusi na hitima, yeye na wenzake watano. Haipiti wiki simu haijalia: fulani auliza mkate wa kumimina hutiwa hamira kiasi gani, binti ya fulani ameolewa Nairobi na mume ataka kuku wa kupaka. Nikasema, mimi si ndiye nasemekana naandika programu? Wacha niwaundie ya kutafuta mapishi. Waandika jina la chakula, au kitu ulicho nacho jikoni, yakuletea namna ya kukipika. Basi.

Mimi sina mapishi elfu moja kichwani, kwa hivyo nikafanya wanavyofanya wote: nikachukua API ya kampuni moja ya ng'ambo. Jina silitaji, sitaki kesi. Kwenye tovuti yao wamejipamba kwamba wana mapishi ya dunia nzima. Dunia nzima! Mwambao huu basi uko sayari gani?

Kwa wasiozijua kazi hizi: API ni kama lile dirisha dogo la hoteli linalotazama jikoni. Wewe hupiti ndani. Waingiza kikaratasi, "nataka kitu chenye samaki na nazi", na upande wa pili seva, yaani kompyuta yao, inakurudishia maandishi ya JSON, ambayo ni data iliyopangwa kwa mabano na majina, kisha programu yako ndiyo inayoyapanga yapendeze machoni. Pamoja na jibu huja nambari. 200 maana yake mambo sawa. 404, ulichotaka hakipo. 429, umeomba mno, pumzika. Halafu kuna 402, lipa kwanza. Hii 402 ina kichekesho chake, kwa sababu kwenye maelezo ya HTTP, zile kanuni za mawasiliano ya wavuti, ya mwaka 1999 waliiweka tu na kuandika kwamba ni ya matumizi ya baadaye. Hiyo baadaye imenikuta mimi, Mombasa, mwezi wa Ramadhani, saa kumi alasiri.

Kosa la kwanza ni langu, nalikiri kabla hamjanirukia. Nilikuwa na maombi 100 ya bure kwa siku. Kisanduku cha kutafutia nilikiandika kwamba kila herufi ikibonyezwa, ombi linaondoka. Mtu akiandika "mahamri" hayo ni maombi saba. Watu kumi na wanne wakiandika mahamri, siku imekwisha. Na Ramadhani nani haandiki mahamri? Nikarekebisha, sasa hungoja nusu sekunde mtu aache kuandika ndipo ombi litoke. Kosa la pili pia langu: ufunguo wa API, ile nywila inayoonyesha ombi ni langu, niliuacha ndani ya ukurasa wenyewe, mtu akautoa akautumia kwa mambo yake. Nikaweka seva ndogo katikati ili ufunguo ukae huko. Haya, mmecheka? Tuendelee.

Nikalipia. Dola 25 kwa mwezi, zaidi ya elfu tatu za Kenya, na hiyo ni pesa ya mboga ya wiki nzima nyumbani kwetu. Siku hiyo jioni nikampelekea mamangu mdogo simu. Alikuwa kaketi kwenye mbuzi anakuna nazi, akajifuta kidole kwenye leso, akaandika kwa kidole hicho kimoja, polepole: mbaazi.

Hakuna.

Akaandika "mahamri". Hakuna. "Viazi karai". Hakuna. "Samaki wa kupaka". Hakuna. "Pilau" ikaja, tena nyingi, ila ya kwanza ilikuwa na zabibu kavu na wala haina hata punje moja ya bizari nyembamba. Akaniangalia.

"Hino simu yako haizijui mbaazi?"

"Si simu, mama, ni API."

"Nayo yajua nini?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Sasa ndipo nifike kwenye linaloniuma. Usiku ule nikafungua kumbukumbu za seva yangu nione nini kinachorudi. Kila tulipoandika mbaazi, jibu lilikuwa 200. Sawa! Mambo mazuri! Na ndani yake mabano mawili ya mraba yasiyo na kitu: []. Yaani mhudumu amekuja anatabasamu, ameniwekea sinia mezani, nafunua kawa, chini hamna hata ukoko. Na bili anayo mkononi. Maana kwa hesabu yao ombi ni ombi, likirudi na biriani au likirudi na hewa bei ni ile ile. Mwisho wa mwezi nikahesabu: utafutaji 312, majibu matupu 241. Nimelipia utupu mara 241, na kwa dola.

Msiniambie kwamba 200 ndiyo sahihi kwa sababu orodha tupu nayo ni jibu. Najua. Vitabu nimesoma. Mimi sigombani na nambari, nagombana na bili. Pale soko la Kongowea mtu akikuuliza bei ya papa mkavu na wewe huna, humtozi kwa kuuliza.

Nikasema nihifadhi majibu kwenye seva yangu, ili neno lililoshindikana leo nisiliulize tena kesho. Nikasoma masharti: jibu halihifadhiwi zaidi ya siku moja. Hata utupu wao siruhusiwi kuuweka kabatini.

Nikaingia njia ya tatu, nikaunda kamusi ndogo ya kugeuza maneno yetu kuwa Kiingereza kabla ombi halijaondoka. Hapo ndipo nilipoona maajabu. Mbaazi kwa jina la Kiingereza zikaniletea wali na mbaazi wa Puerto Rico, chakula chao kikubwa kule, na kusema kweli si kibaya, lakini si cha kuliwa na mahamri. Wali wa nazi ukaja wa Kithai. Kaimati hazikupatikana kwa Kiswahili wala kwa Kiingereza, nikajaribu kwa lile jina la Kiarabu lililotuzalia neno letu, luqaimat, zikaja tele. Kwa hiyo chakula kipo ndani, tatizo ni mlango tunaobishia.

Na hata kikipatikana, yale maelezo! Kila kitu ni "kopo moja la tui". Mamangu mdogo aliposomewa akaacha kukuna. "Tui la kopo? Lipi, la kwanza au la pili?" Swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa katika mradi huu. Mbaazi hulowekwa usiku, huchemshwa zikaiva, kisha hupikwa na tui jepesi pamoja na vitunguu na manjano na pilipili. Tui zito, lile la kwanza, huingia mwishoni, moto mdogo, mwiko ukizunguka, la sivyo litakatika. Nazi ni moja lakini imeingia chunguni mara mbili, kwa saa mbili tofauti, na kwa kazi mbili tofauti. Ile JSON yao ina nafasi ya jina, kiasi na kipimo. Tui, kiasi hiki, kwisha. Anayefuata maelezo hayo atatia lote mara moja, atapata mchuzi uliokatika, halafu atalaumu nazi. Na mkate wa kumimina wao wataka joko la nyuzi 350 za Fahrenheit. Huku ni makaa chini, makaa juu ya kifuniko, na pua yako. Sijui nyuzi za pua ni ngapi.

Haya, nikajifanya mwema. Tovuti yao ina fomu ya kutuma mapishi, wanasema wanakaribisha lugha zote. Nikamkalisha mamangu mdogo akanisomea mbaazi za nazi kutoka mwanzo hadi mwisho, nikaandika neno kwa neno, Kiswahili safi, nikatuma. Bure, bila hata shukrani. Nikangoja wiki tatu.

Juzi nikaandika mbaazi. Tokeo moja! Wallahi nilisimama. Nikaita nyumba nzima. Nikafungua, na kwenye orodha ya viungo, mstari wa pili, baada ya mbaazi nusu kilo: nyama ya mbuzi.

Nilichukua dakika kuelewa. Maelezo ya mamangu mdogo yalianza hivi: "Kuna nazi mbili kwa mbuzi." Mashine yao ya kutafsiri haijapata kuona kile kigoda chenye ulimi wa chuma. Imeona mnyama. Na kwa kuwa imeona mnyama ikamtia chunguni, ikafuta alama ya chakula kisicho na nyama, na kwa huruma zake ikaongeza picha ya bakuli la mchuzi mwekundu ambao sijui hata ni wa nchi gani.

Mamangu mdogo alicheka mpaka akashika ubavu. Mimi sikucheka. Kuna mama mmoja wa Kigujarati, jirani wa rafiki yangu, hagusi nyama, na alinipigia mwenyewe kuuliza kama mbaazi za Waswahili siku zote hupikwa na mbuzi, kwa sababu amekuwa akizinunua barabarani miaka yote. Mtu alikuwa na hofu ya kweli kwenye sauti. Nimwambieje? Kwamba ni kosa la kompyuta? Programu ni yangu, ina jina langu chini.

Nikawaandikia kampuni. Nikaeleza mbuzi ni nini, nikapiga picha ya mbuzi, mamangu mdogo akiwa juu yake. Nikajibiwa baada ya siku mbili: wananishukuru kwa maoni, wanathamini wateja wao, na kama nataka msaada wa haraka nipande kwenye kifurushi cha juu. Nilipe zaidi ili wamtoe mbuzi waliyemtia wenyewe, kwenye chakula nilichowapa bure, ambacho kila nikikisoma nahesabiwa ombi.

Nimeanza kuyaandika mwenyewe. Nina faili la mapishi 23 mpaka jana usiku, kila kiungo kina nafasi ya kusema kinaingia hatua ya ngapi, kwa hiyo tui la kwanza na la pili yote yana pa kukaa. Kwenye vipimo nimeweka kikombe cha chai, kibaba, na "kiasi", kwa sababu mamangu mdogo amekataa katakata kutaja chumvi kwa vijiko. Biriani hajanipa bado. Amesema hiyo nitapewa nikioa. Aliye na mapishi ya nyumbani kwao na yuko tayari kuyatoa anitumie ujumbe, jina la mama au bibi nitaliweka juu kabisa kama mwenyewe ataridhia. Na kama kuna aliyewahi kurudishiwa pesa na hawa watu wa majibu matupu, aseme alipitia wapi.

NYONGEZA, saa nne usiku: Mmoja hapa chini ameniambia nijaribu tena, huenda wamesharekebisha. Nimeandika mbaazi sasa hivi. Mbuzi bado yumo. Ombi limehesabiwa.