Kinjeketile kwenye runinga: mtoni na vitani tufanyeje?

skripti_moja: Wakuu, heshima kwenu. Tunaigeuza Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein ya 1969 kuhusu vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani, kuwa filamu ya runinga, dakika 50. Tumekwama pawili: Kinjeketile anapozama mtoni, na vita ya boma la Wajerumani. Jukwaani maneno na ngoma vinatosha. Je, Hongo, yule pepo wa mtoni, aonekane?

meza_ya_uhariri: Asionekane, mkuu. Ukimwonyesha, umeshamjibia mtazamaji swali linalomtesa Kinjeketile mwenyewe. Kamera ibaki ukingoni na wanaongoja: nyuso, nyenje, mwanga unavyogeuka hadi kesho yake. Mkipigia picha Rufiji, mchezaji asiingie majini, kuna mamba na viboko. Tafuteni bwawa la maji ya kiunoni, yavurugeni kwa udongo hadi chini kusionekane, pigeni karibu. Mto upigwe wa mbali, mwanga uwe uleule. Mawingu huku na jua kali kule havitaungana hata mkisahihisha rangi.

Halafu yale maneno ya Kinjeketile akiwa amepagawa, kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, msiyakate. Najua yanakera kwenye kufupisha, ila shaka ya Kinjeketile inatokea hapo. Yakitoka, baadaye ataonekana mwoga tu.

ghala_la_zana: Vita: watu 30 wanatosha. Lenzi ndefu, wapangeni kwa kina, si mstari mmoja. Askari wapeni Mauser ya 1871, ya risasi moja moja. Baruti yake nyeusi ilitoa moshi mzito, na moshi huo utawafichia uchache wa watu. Wapiganaji: mikuki, mishale, magobori. Rashasha isikike tu, isionekane. Baruti tupu nayo hujeruhi kwa karibu, kwa hiyo mtutu uelekezwe pembeni mwa mtu. Kamera itaficha tofauti.

Dawa ya Kinjeketile ya kuwakinga wapiganaji na risasi ilikuwa maji, mafuta ya nyonyo na mtama. Mafuta huelea na mtama huzama, kwa hiyo tikiseni kibuyu kabla ya kila teki, la sivyo picha hazitafuatana.

skripti_moja: Shukrani. Tukifungua na maandishi ya tarehe, mfano Agosti 1905?

meza_ya_uhariri: Msithubutu. Kinjeketile wa historia alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, na boma la Mahenge likashambuliwa tarehe 30. Wa Hussein yuko hai gerezani baada ya vita. Tarehe moja tu kwenye skrini, na walimu wa historia watawashukia. Na kabla ya yote, ruhusa ya mwenye haki iwe kwa maandishi, ndipo mwende Bodi ya Filamu kuomba kibali.