Wanafunzi wa sekondari waanze kufundishwa ualimu hukohuko shuleni?

KakaMtaala
Wadau habari zenu. Naomba hili tulijadili kwa uzito wake. Mi naona mwanafunzi anayetaka kuwa mwalimu aanze kuandaliwa miaka miwili ya mwisho ya sekondari, isiwe mpaka amalize ndo akakutane na ubao kwa mara ya kwanza chuoni. Akae nyuma ya darasa la wadogo zake aone mwalimu anafanyaje, aandike andalio la somo, afundishe kipande cha dakika kumi mwalimu mwenyewe akiwepo, halafu wakae wawili wazungumze kilipokwama. Sio jambo geni hili, Marekani walikuwa na klabu za walimu wa baadae toka 1937 na kule South Carolina kuna kozi kabisa ya wanafunzi wa sekondari inaitwa Teacher Cadet, ilianza mwaka wa masomo 1985-86 na ipo mpaka leo. UNESCO wanasema kufikia 2030 dunia inahitaji walimu wapya milioni 44 wa msingi na sekondari, na zaidi ya nusu ni wa kuziba nafasi za wanaoacha kazi. Watatoka wapi? Tukiendelea kusubiri ualimu ujazwe na waliokosa nafasi kwingine ndo haya tunayoyaona madarasani.

MwalimuWaZamu
Ulianza vizuri, huo mstari wa mwisho umeniuma sana. "Waliokosa nafasi kwingine" ni akina nani? Mimi alama za kusomea vitu vingine nilikuwa nazo, ualimu niliuchagua mwenyewe. Jana nimesahihisha madaftari mpaka usiku, nimekuta mtoto kajumlisha nusu na theluthi akapata mbili ya tano, yani kajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Kumwekea mkasi ni sekunde moja. Kujua kwanini kafikiri hivyo na umuulize nini ili akione mwenyewe, hiyo ndo kazi, na aliyekosa pa kwenda haiwezi. Mkitaka vijana waupende ualimu anzeni kwa kuacha kuwatangazia kwamba ni jalala.

BwanaHesabu
Mwalimu punguza povu mama, mleta mada kasema kile ambacho kila mtu anakijua. Sehemu nyingi alama za kuingilia ualimu ziko chini kuliko za udaktari na uhandisi, hilo halihitaji utafiti. Angalia Finland, anayefundisha mpaka shule ya msingi lazima awe na shahada ya uzamili toka mwishoni mwa miaka ya 70 huko, na kwa miaka mingi kati ya waombaji kumi alikuwa anapita kama mmoja. Sisi tunataka tuwachukue watoto wa sekondari, tunashuka badala ya kupanda.

MwalimuWaZamu
Kila mtu akibanwa anakimbilia Finland lakini anachukua kipande kinachomfaa. Hao Finland walifuta ukaguzi wa shule mwanzoni mwa miaka ya 1990, mwalimu akaachiwa achague vitabu na njia zake, akaaminiwa. Kazi ikiheshimika watu wanaipanga foleni, ndo unapata hao kumi wa kuchagua mmoja. Wewe unataka mchujo bila heshima, utachuja nani? Na hiyo "mama" yako sijaipenda, tunajadiliana hapa kama watu wazima.

BwanaHesabu
Mama ni heshima, sikukutukana. Ila swali langu la alama hujalijibu, umelizunguka tu.

MzaziWaWatatu
Jamani mnagombania alama mi nawaza mtoto wangu aliyekaa kwenye dawati. Nimempeleka shule afundishwe na mtu aliyesomea, sio na mtoto mwenzie anayejifunzia kwake. Mnajua wapi hii iliwahi kufanyika? Uingereza, miaka ya 1840 hivi, walichukua watoto wa miaka 13 wakawafanya walimu wanafunzi, mchana kutwa wanafundisha wenzao. Serikali ilifurahi kwa sababu ilikuwa rahisi.

MsomiWaKona
Ilikuwa 1846 dada yangu, uanagenzi wa miaka mitano kuanzia umri wa miaka 13. Ila uimalizie na upande wa pili, walikuwa wanalipwa, pauni 10 kwa mwaka zinapanda mpaka 20, na mwalimu mkuu alitakiwa awafundishe wao wenyewe saa moja na nusu kila siku nje ya vipindi. Wakifaulu mtihani wa mwisho wanaweza kupata ufadhili wa kwenda chuo. Kwa watoto wa maskini ulikuwa mlango mkubwa kabisa. Kilichouharibu ni kwamba shule zilizokuwa na walimu wachache ziliwageuza hao watoto kuwa walimu kamili, wanachoka, hata hayo masomo yao yanawapita.

MzaziWaWatatu
Si ndo nilichosema mimi? Umeandika kirefu halafu umefika palepale nilipo. Na pauni 10 angalau ililipwa, hawa mnaowataka nyie watafanya bure mtawaambia ualimu ni wito.

ChakiMkononi
Shikamooni wakubwa zangu. Mimi niko darasa la mwisho sekondari na hiki mnachobishania nakifanya, shuleni kwetu kuna mwalimu anatuchukua wachache tunaotaka ualimu. Mara ya kwanza kusimama mbele niliuliza "mmeelewa?" darasa zima likaitikia ndiyooo, nikafurahi nikaendelea. Mwalimu akanifuata baadae akaniambia hilo swali halikuambii kitu, wape zoezi moja dogo wafanye upite uangalie madaftari. Nilivyopita nikakuta mstari mzima wa nyuma hawajaandika hata namba ya swali. Miaka yote nimekaa darasani sikuwahi kujua kwamba mwalimu anaangalia hivyo vitu. Mwenzangu mmoja tulianza nae akasema hapana hii kazi siiwezi, ameacha, na mi naona bora amejua sasa hivi.

BwanaHesabu
Kijana nenda kasome kwanza, mitihani iko mbele yako, haya mambo waachie wakubwa.

MwalimuWaZamu
Marahaba mwanangu, usimsikilize huyo. BwanaHesabu hapa watu wazima wote tumetoa maneno, mtoto peke yake ndo kaleta alichokiona kwa macho, halafu unamfukuza? Ndo tabia hiyohiyo inayofanya mtoto akose jibu darasani anyamaze mwaka mzima.

BwanaHesabu
Sijamfukuza, nimemjali. Akifeli kwa sababu alikuwa anafundisha wadogo zake wewe utamlipia ada ya kurudia?

MsomiWaKona
Alichoandika ChakiMkononi ndo kiini. Kuna mwanasosholojia wa Marekani, Dan Lortie, mwaka 1975 alieleza kwamba mtu mpaka amalize shule ameshakaa na walimu karibu masaa 13,000, kwa hiyo anaingia chuoni akiamini kazi anaijua. Lakini ameiona akiwa amekaa kwenye dawati. Hajaona maandalizi, hajui kwanini mwalimu aliruka ukurasa ule au kwanini leo kamwita yule na sio huyu. Anachofanya ni kuiga waliomfundisha, wazuri na wabaya. Ukimpitisha upande wa pili wa meza akiwa na miaka 17 unaanza kuvunja hiyo imani mapema, na hapo ndo mi nakubaliana na mleta mada.

ChakiMkononi
Mwalimu samahani, ile ya nusu na theluthi, ungemuuliza nini yule mtoto? Na mimi nimekutana nayo.

MwalimuWaZamu
Usimwambie kakosea. Muulize mbili ya tano na nusu ipi kubwa. Akishaona nusu ndo kubwa, muulize sasa inakuwaje ulikuwa na nusu, ukaongezewa, umebaki na pungufu? Halafu unyamaze. Hapo kwenye kunyamaza ndo wengi tunashindwa. Mary Budd Rowe, mtafiti wa elimu wa Marekani, alipima hili miaka ya 70 akakuta walimu wengi wakishauliza wanasubiri kama sekunde moja tu, na wakijizuia mpaka tatu au zaidi majibu ya watoto yanakuwa marefu na wanaojitokeza wanaongezeka. Hesabu tatu moyoni, usimwokoe.

MzaziWaWatatu
Hapo nimejifunza kitu nyumbani kwangu pia. Lakini msimamo wangu haujasogea. Huyu binti au kijana ana bahati, mwalimu wake anapita nyuma yake. Shule ngapi mwalimu atapata huo muda? Akiumwa mmoja tu, mkuu wa shule atasema si kuna wale wanaojifunza ualimu, wapelekeni darasani.

KakaMtaala
Jamani turudi kwenye mada. Hofu ya mzazi naipokea, kwa hiyo naongeza: mwanafunzi asiachwe na darasa peke yake hata kipindi kimoja, na masaa yake yahesabike akiomba chuo cha ualimu.

BwanaHesabu
Yahesabike? Yani aliyepata alama ndogo aingie kwa masaa ya kukaa nyuma ya darasa? Hapo ndo mnarudisha kilekile tulichokuwa tunalalamikia.

MwalimuWaZamu
Yahesabike juu ya alama, hakuna aliyesema badala ya alama, soma vizuri. Na anayemlea apunguziwe vipindi, maana kukaa na kijana baada ya somo mkachambua dakika zake kumi ni kazi ya nusu saa, na hiyo nusu saa kwa sasa naitoa kwenye muda wa madaftari.

MzaziWaWatatu
Basi iandikwe, na mzazi apewe nakala. Mwalimu mwenye darasa asaini kila kipindi kwamba alikuwepo. Bila hiyo saini mi mwanangu namtoa.

ChakiMkononi
Kwetu hatusaini. Jumatatu namuuliza mwalimu.