Nimeambiwa mimi ni "Kipupwe", mbona nyeupe inanipausha?

Maji_ya_Kunde: Habari za jioni wapendwa. Nina ngozi ya maji ya kunde. Nilijibu maswali ya kupima rangi kwa misimu kwenye simu, yale yanayokupa jina la msimu kuonyesha rangi za nguo zinazokufaa, jibu likaja: wewe ni Kipupwe, vaa nyeupe pe, nyeusi na fedha. Jumapili nikaenda kanisani na blauzi nyeupe pe. Mama akaniuliza mara mbili kama nililala vizuri. Kwenye picha, chini ya macho ni kama nimepakwa majivu. Sasa send-off ya mdogo wangu ni mwezi ujao, na ndugu tumeambiwa tuchague fedha au haradali. Kitambaa ni elfu kumi na nane kwa mita, sitaki kukosea. Mnajuaje hasa?

Fundi_Magomeni: Mdogo wangu, simu inaona picha, haikuoni wewe. Mimi kabla sijakata nguo ya mteja namsimamisha mlangoni asubuhi. Nawa uso, usipake kitu, hata poda. Kama umesuka rasta za rangi, zifunike. Weka chini ya kidevu kitambaa cheupe pe, kisha cha rangi ya maziwa. Kitambaa kiache, tazama uso: weusi wa chini ya macho na pembeni mwa mdomo unazidi au unatulia? Rudia kwa fedha na dhahabu. Na taa za dukani zinadanganya sana, mwombe muuzaji mtoke nacho nje.

Shangazi_Tanga: Fundi kasema kweli. Mambo haya yalienea Marekani kwa kitabu cha Carole Jackson cha 1980. Misimu ilikuwa minne, na sisi weusi wengi tukatiwa kapu moja la Kipupwe kwa sababu ya nywele na macho meusi. Baadaye wengine wakaigawa ikawa 12. Mwanangu, nahisi wewe ni Vuli. Vuli yao si mvua zetu za Novemba, ni majani yanayogeuka rangi ya kutu: haradali, damu ya mzee, kijani cha jeshi.

Maji_ya_Kunde: Nimejaribu leo saa moja asubuhi, barazani. Fedha ilinifanya shingo kijivu. Nilipoweka haradali, mama akaacha kuchambua mchele akasema, "Hiyo hiyo." Nimekaribia kulia, miaka yote hii navaa nyeusi na nyeupe tu. Asanteni sana. Fundi, gauni refu la mikono mirefu, upana inchi 45, mita tatu zinatosha?

Fundi_Magomeni: Chukua nne.