Baraza ya mbao: ishikwe na ukuta wa nyumba au isimame kwa nguzo zake?

Mwenye Baraza
Wadau, salamu. Nataka kujenga baraza ya mbao nje ya mlango wa nyuma: mita 4 kufuata ukuta, mita 3 kwenda nje, kimo sentimita 90 toka ardhini. Mbao ninazo, zimetiwa dawa. Ninapokwama ni upande wa nyumba. Fundi wa kwanza anataka tufunge ubao mrefu ukutani kwa bolti, sakafu ilale hapo, nguzo ziwe za nje tu. Wa pili anasema baraza isiguse nyumba kabisa, iwe na nguzo pande zote mbili. Wa tatu anataka tupange bloku juu ya ardhi na kazi iishe siku moja. Ukuta ni wa bloku, umepigwa plasta. Nishaurini.

Msumeno
Yangu nimeifunga ukutani na sijutii. Nyumba tayari ina msingi, kwa nini uchimbe mashimo mengine pembeni yake? Tena baraza iliyoshikwa na nyumba haiyumbi. Ila usikubali misumari. Msumari hung'oka polepole kadiri mbao zinavyovimba na kusinyaa, na baraza nyingi zilizoanguka ziliachia hapo hapo ukutani. Tumia bolti nene za milimita 12, na washa pana chini ya kila nati. Mbao za dawa ya shaba hula chuma cha kawaida, kwa hiyo chukua bolti zilizochovywa kwenye zinki au za chuma kisichoshika kutu.

Bi Pimamaji
Msumeno, ukuta wako ni wa nini? Hilo ndilo la kwanza kujua. Ndugu mwenye baraza, piga hesabu kidogo. Baraza ya makazi husanifiwa kubeba kama kilo 200 za watu na vitu kwa kila mita ya mraba. Ongeza uzito wa mbao zenyewe, weka 250. Una mita za mraba 12, hivyo ni kilo 3,000, na nusu yake inaegemea ukutani. Kilo 1,500 zinaning'inia kwenye bolti, na bolti zimeingia kwenye nini? Kama ni bloku zenye tundu, zile kuta nyembamba za bloku hupasuka, na bolti ya kutanuka (ile inayojipanua ndani ya shimo ili ishike) haina inachokibana. Vivyo hivyo kwa tofali za urembo zilizojengwa mbele ya ukuta halisi: hizo zimeumbwa kujibeba zenyewe tu.

Msumeno
Dada, umenena kweli. Mimi nilifunga kwenye ringbimu, ule mkanda wa zege unaozunguka kuta za nyumba, sikulitaja hilo kumbe ndilo lenyewe.

Fundi Mtulivu
Mimi nazungumzia maji. Nimebomoa baraza iliyokuwa inapendeza kwa juu, lakini nyuma ya ubao wa ukutani mbao imekuwa kama unga wa chai iliyolowa. Mvua iliteremka ukutani, ikaingia kati ya ubao na plasta, ikakaa. Ukifunga ukutani ni lazima uchonge mfereji kwenye plasta, uingize ukingo wa bati lililokunjwa, bati lifunike ubao na kumwaga maji mbele. Silikoni peke yake haitoshi, inabanduka. Kwa ukuta usioujua tumbo lake, mimi huiacha baraza isimame yenyewe, na pengo la sentimita 2 au 3 kati yake na nyumba.

Bloku za kupanga juu ya ardhi sizitaki kwa kimo hicho. Zinafaa baraza ya chini kabisa. Kwa sentimita 90, bloku moja ikizama, mtu anadondoka.

Mkulima wa Zege
Naunga mkono nguzo, ila mtego upo. Nyumba ilipojengwa, mtaro wa msingi ulichimbwa mpana, kisha ukajazwa kifusi. Ukisimamisha nguzo karibu na ukuta unasimama juu ya kifusi hicho, nacho huendelea kushuka miaka. Baraza italala kuelekea mlangoni na maji yatafuata. Chimba shimo la kujaribu kwanza.

Mwenye Baraza
Nimerudi. Nilitoboa ukuta sehemu tatu: zote tundu, na ringbimu iko juu ya mlango, hainisaidii. Nimechimba pia sentimita 20 toka ukutani. Hadi kina cha mita moja nakutana na vipande vya tofali na mfuko wa saruji ulioozea humo. Nikichimba nusu mita toka ukutani, udongo mgumu unaanza mapema.

Bi Pimamaji
Basi jibu umelichimba mwenyewe. Weka boriti ya ndani sentimita 50 toka ukutani, ya nje sentimita 40 kabla ya ukingo. Mbao zinazobeba sakafu zitaruka mita 2.1 kati ya boriti, na zitajitokeza nusu mita kuelekea mlangoni. Kujitokeza kusizidi robo ya urefu ulio kati ya boriti, na hapo umo ndani, ingawa kwa unyoya. Nguzo tatu kila boriti, kila moja na beisi ya zege ya sentimita 40 kwa 40 kwenye udongo ambao haujawahi kuchimbwa. Ya kati ndiyo hubeba zaidi, usiipunje.

Fundi Mtulivu
Na kwa kuwa nyumba haikushikilii tena, weka mbao za mshazari toka nguzo hadi boriti au mbao zinazobeba sakafu, pande zote mbili: sambamba na ukuta, na kutoka ukutani kwenda nje. Watu huweka upande mmoja, kisha wageni wakicheza baraza nzima inayumba. Nguzo isizikwe kwenye zege. Ikalie kiatu cha chuma kinachoiinua kidogo, ili kitako kikauke na mchwa waonekane wakipanda. Boriti ikae juu ya kichwa cha nguzo, isifungwe ubavuni ikitegemea bolti.

Mwenye Baraza
Asanteni sana. Naanza kuchimba kesho, mashimo sita. Msumeno, zile bolti za zinki bado nazihitaji kwa mishazari, kwa hiyo ushauri wako nao unaingia.