Mrejesho: vitamini C pamoja na dawa za H. pylori

Habari zenu wakuu. Niliuliza kama vitamini C inaongeza nguvu ya dawa za kuua H. pylori, bakteria wa tumboni wanaoweza kuleta vidonda vya tumbo. Asanteni sana mlionijibu, hasa aliyesisitiza nimuone daktari kwanza. Daktari aliniruhusu, ila akasema vitamini haichukui nafasi ya antibayotiki. Nimemaliza siku 14 za antibayotiki mbili, amoksilini na klarithromaisini, pamoja na omeprazoli (dawa ya kupunguza asidi tumboni), bila kuruka dozi hata moja. Vitamini C niliiacha siku ya 5, maana kiungulia kilizidi. Wiki 4 baada ya kumaliza dozi, bila kugusa omeprazoli wiki 2 kabla ya kipimo, nilipima choo: bakteria hawapo tena! Ninachoshukuru ni antibayotiki. Maumivu yameisha, ila gesi bado inanisumbua, nitarudi kwa daktari.