Mwanafunzi mwenye disleksia aongezewe muda kwenye mtihani wa fomu foo, au tutakuwa tunampendelea?

Mleta mada (mwalimu wa Jiografia, shule ya kata)

Habari zenu wadau. Huu ni mwaka wangu wa tisa kazini na kuna jambo limenikaa rohoni, ofisini kwetu tumelibishania wiki nzima hatujafika popote, nimeona nilete hapa.

Nina kijana fomu tatu. Nyuma ya madarasa yetu kuna korongo, kila masika linakula uwanja wa mpira. Siku moja nikatoka na darasa zima nikamuuliza yeye, hapa maji yamefanya nini? Alinieleza mwanzo mpaka mwisho, majani yalivyoisha kwa mbuzi, tone la mvua linavyopiga udongo ulio wazi, maji yanavyofuata njia ya watu mpaka njia inageuka mfereji, akamalizia kwamba wangepanda matete pale juu na kupanga mawe korongo lingekoma kukua. Wiki iliyofuata nikatoa tesiti, swali lilelile la mmomonyoko wa udongo. Karatasi yake iko hapa mezani wakati naandika. Ameandika hivi: "soli eroison is wen the water tack the soli". Basi. Mstari mmoja umefutwa na kuandikwa upya mpaka karatasi imetoboka, muda ukaisha. Nikampa 2 kati ya 20.

Mwenzangu mmoja akasema mvivu huyo, anacheza. Mi nikawapigia watu waliosoma Patandi pale Tengeru, chuo cha ualimu wa elimu maalumu, nikawasomea makosa yake kwenye simu, wakaniambia kabla hujamwita mvivu kamwangalie kama ana disleksia, yani ubongo unapata shida kuunganisha herufi na sauti, haina uhusiano na kuwa na akili au kukosa akili, na mara nyingi inatembea kwenye ukoo.

Sasa swali langu. Baraza la Mitihani linaruhusu watahiniwa wenye mahitaji maalumu waongezewe muda, dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Kwahiyo pepa ya saa tatu ya Hisabati inakuwa saa nne, Jiografia inakuwa saa tatu na nusu. Ila kila mwaka wakitaja makundi nasikia wasioona, uoni hafifu, viziwi, ulemavu wa viungo, ulemavu wa akili. Disleksia sijawahi kuisikia ikitajwa kwa jina. Kijana wangu haingii popote pale. Msimamo wangu ni kwamba apewe muda na apewe mtu wa kumsomea maswali. Nyie mnasemaje?

Mchangiaji wa kwanza (mzazi, Mbeya)

Mwalimu heshima yako, ila mimi sikubaliani. Binti yangu anaamka saa kumi alfajiri anasoma kwa tochi, hana disleksia wala nini, ni mtoto wa kawaida ambaye Kiingereza kinampiga chenga kama watoto wote wa shule za kata. Huyo wako akiongezewa nusu saa na wangu asiongezewe, wanagombania nafasi zilezile za fomu faivu, hapo haki iko wapi? Na nikwambie kitakachotokea, wenye hela watakwenda kununua vyeti vya disleksia. Marekani mwaka 2019 si lilifumuka, matajiri walikuwa wanatafutiwa karatasi za kwamba mtoto ana ugumu wa kujifunza ili aongezewe muda kwenye mitihani ya kuingilia chuo, watu wakafungwa. Kama wao imewashinda sisi tutaweza?

Mchangiaji wa pili (dereva wa lori)

Nimesoma hiyo "soli" ya huyo dogo nikaacha chakula. Mimi nilimaliza fomu foo 2009 nikapata ziro. Primari nilikuwa nakwenda polepole lakini nakwenda, ba be bi bo bu haibadiliki, ukishaijua umeijua. Nilivyoingia fomu wan nikakuta neno limeandikwa though linasomwa vingine, through vingine, enough vingine kabisa, nikazama. Mwalimu akisema msome kwa zamu nilikuwa nahesabu vichwa mpaka aya yangu, namuomba mwenzangu aninong'oneze naikariri kabla haijafika. Nikikosea fimbo. Kanuni ya viboko ya 2002 inasema visizidi vinne na atoe mkuu wa shule au aliyeruhusiwa naye, mi nilipigwa na kila aliyekuwa na fimbo mkononi, na sikupigwa kwa utundu, nilipigwa kwa "was" na "saw". Mpaka leo nikipewa karatasi ya mizani naangalia tarakimu tu, maneno namuachia utingo. Mwalimu pigania huyo mtoto.

Mleta mada

Kaka pole sana, na asante maana umesema kitu nilichokuwa nakitafuta. Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa, herufi moja sauti moja kwa sehemu kubwa, kwahiyo mtoto mwenye disleksia anaweza kujificha miaka saba ya primari, anaonekana msomaji wa taratibu tu, pengine hata la saba anafaulu vizuri. Anaingia sekondari, masomo karibu yote yanageuka Kiingereza, hapo ndo ukuta unaanguka na sisi walimu wa sekondari tunasema primari hawakumfundisha. Wala primari hawakuwa na kosa. Kwahiyo kipimo chetu kianzie fomu wan muhula wa kwanza, tusisubiri matokeo ya fomu tu, yani kidato cha pili.

Mama wa Mbeya, hoja yako ya Kiingereza ni ya kweli na ni nzito. Binti yako akifundishwa neno leo akalirudia mara kumi, kesho analo. Kijana wangu neno hilohilo nimemfundisha wiki tatu, analiandika kwa namna nne tofauti kwenye ukurasa mmoja, na hata Kiswahili chake nilivyomsomesha kwa saa ya mkononi alitumia karibu mara tatu ya muda wa wenzake kwenye aya moja. Hiyo ndo tofauti, inapimika. Wale wa Marekani walidanganya, na mtu akidanganya kwamba yeye ni kiziwi hatufuti ukalimani wa lugha ya alama. Dawa yake ni kuangalia madaftari yake tangu fomu wan, cheti cha wiki moja kabla ya mtihani kisipokelewe.

Mchangiaji wa tatu (mwalimu wa Hisabati)

Mwalimu mwenzangu tuongee ukweli wa chumba cha walimu. Nina mikondo mitatu, kila mkondo wanafunzi 80 na kitu, vipindi 28 kwa wiki, tangu ule Waraka Namba 5 wa 2015 uliofuta ada watoto wamejaa jambo ambalo ni zuri kabisa, lakini mikono ni hii miwili. Nani anakaa na mtoto mmoja na saa ya mkononi? Tena ndani ya hao 80 nina wa disleksia, nina asiyeona ubao na hana miwani, nina anayelala darasani kwa njaa. Wewe unaongelea mtihani wa mwisho, mi nasema huyo mtoto akifika chumba cha mtihani hajafundishwa, hata umpe saa kumi ataandika nini? Pesa na nguvu ziende kwenye mafunzo ya walimu, muda wa ziada ni kupaka rangi nyumba isiyo na msingi.

Na pia sa hivi kuna mkondo wa amali, yani wa ufundi, ulianza Januari 2024. Kwanini huyo kijana asiende huko akafanye kwa mikono?

Mleta mada

Hapo kwenye kufundisha umenigusa, sina ubishi. Ila kaka usinipe kimoja nichague. Ntakwambia ninachofanya na madarasa yangu hayana tofauti na yako. Ubaoni naandika maneno mapya matano tu juu kulia, nayatamka, darasa zima wanayagawa kwa makofi, e-ro-sion, hilo dakika mbili na linawasaidia wote 80. Swali la tesiti nalisoma kwa sauti mara mbili kabla hawajaanza. Sikati maksi za spelingi kwenye Jiografia, nasahihisha Jiografia. Huyo kijana nimemkalisha na rafiki yake anayesoma vizuri, jioni mmoja anasoma mwingine anaeleza, na huyo rafiki naye amepanda kwa sababu anaelezewa. Hakuna hata shilingi iliyotoka.

Amali nakataa kwa sababu moja. Hata huko, mfano umeme, kuna nadharia na michoro yenye maandishi, na mtihani wake unaandikwa pia. Akienda kwa kupenda nitamsindikiza, ila akipelekwa kwa sababu hatukutaka kumsomea swali, tutakuwa tumemhamisha na tatizo lake. Huyu anataka mambo ya udongo na maji.

Mchangiaji wa nne (mwalimu, Kisumu)

Salamu kutoka ng'ambo ya mpaka. Sisi huku Kenya tuko na vituo vya EARC, vya kupima watoto wenye mahitaji maalumu, tangu 1984, mzazi anapeleka mtoto anapimwa anaandikiwa ripoti, na walimu wa elimu maalumu wanafunzwa KISE, taasisi ya elimu maalumu iliyoanzishwa 1986, sasa iko Kasarani. Lakini nisiwadanganye ndugu zangu, mtoto asiyesikia au asiyeona ataonekana upesi, huyu wa disleksia anapita katikati ya vidole kwa sababu kwa macho hana kitu. Nilipeleka mwanafunzi wangu mara mbili, ya kwanza tukaambiwa masikio yako sawa na macho yako sawa, rudini nyumbani. Ya pili nikabeba madaftari yake ya mwaka mzima nikayaweka mezani kwa mpimaji, ndiyo wakaanza kunisikiliza. Kituo ni muhimu lakini bila mwalimu aliyeandika alichokiona, kituo hakitaona.

Mchangiaji wa kwanza (mzazi, Mbeya)

Mwalimu wa Jiografia nimerudi. Hilo la kuandika neno moja namna nne limenikosesha usingizi, maana mdogo wake huyu binti yuko darasa la sita na ndivyo anavyofanya, na baba yao hajawahi kuniandikia mesej, anapiga simu. Sijabadilika kwenye vyeti vya kununua, hapo bado naogopa. Lakini nauliza, nikitaka kumsaidia huyu mdogo kabla hajafika huko naanzia wapi?

Mleta mada

Mama, anzia na madaftari. Usichome hata moja, yaweke yote kuanzia la tatu. Mwandikie mwalimu wake wa darasa barua ya ukurasa mmoja ueleze unachokiona nyumbani, weka tarehe, ubaki na nakala, halafu omba afisa elimu maalumu wa halmashauri amwone. Kapime macho na masikio hospitali ili hilo liondoke kwenye maswali. Jioni msomee wewe, dakika 15, kidole chako chini ya neno, yeye anafuata na anarudia, asisome peke yake mbele ya wenzake kwa sasa. Ukienda shuleni usikubali wakwambie mtoto mzito, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inampa haki ya kusoma shule ya kawaida na wenzake na kusaidiwa akiwa humo humo.

Na kwa wote mlioniuliza kule inboksi kilichoendelea. Alhamisi nilirudia ile tesiti kwa huyu kijana mmoja, chumba cha maktaba, mwalimu wa Historia akamsomea maswali bila kuongeza neno, na nusu saa juu. Nikampa mwalimu mwingine asahihishe, jina nimelifunika kwa karatasi. Amepata 13. Ile ya 2 na hii ya 13 nimezibana pamoja kwa pini, Jumatatu nampelekea mkuu wa shule na barua, nataka jina lake liende kama mtahiniwa mwenye mahitaji maalumu kabla usajili wa mwakani haujafungwa. Akinirudisha nitaleta hapa alichoniambia.