Selenium, Puppeteer au Playwright: ipi inafaa kunasa hitilafu za mtandao dhaifu?

Mwana_Uyole
Wakuu, habari za leo. Niko Mbeya, natunza mfumo wa wavuti ambao makarani wa AMCOS (vyama vya ushirika vya mazao) huko Mbozi wanapokelea kahawa ya wakulima. Hapa mjini unakwenda vizuri. Kule vijijini mtandao ukisuasua, karani anabonyeza "Hifadhi", haoni kitu, anabonyeza tena, na mkulima anaandikiwa risiti mbili za magunia yaleyale. Hii ni hela ya watu, sitaki kubahatisha. Nataka skripti ifungue Chrome, ipunguze kasi, ibonyeze, na papo hapo isikilize kila ombi linalokwenda kwenye seva. Naandika Python, na kati ya zana za kuendesha kivinjari kwa skripti naijua Selenium. Je, nihamie Puppeteer au Playwright?

Fundi_Mafinga
Mkuu, kwanza angalia kila moja inavyoongea na kivinjari. Selenium, ambayo ipo tangu 2004, kwa kawaida hupita WebDriver, kiwango cha kuamrisha kivinjari: unatuma amri, unasubiri jibu, ndipo unatuma nyingine. Kujaza fomu inatosha kabisa. Shida yako iko katikati ya amri na jibu. Puppeteer, iliyotoka 2017 kwa timu ya Chrome, na Playwright ya Microsoft ya 2020, zinaacha muunganisho wazi muda wote, na kivinjari chenyewe kinarusha taarifa: ombi limetoka, jibu limerudi, kosa limeingia konsoli. Ndiyo sababu karibu kila mstari wa skripti zake una `await`, yaani "subiri"; skripti ikisubiri seva, bado inasikia mengine yote.

Puppeteer ni ya JavaScript. Pyppeteer ya Python haitunzwi tena, na wenyewe wanaelekeza watu Playwright. Kwa hiyo kwako mimi naona Playwright.

Dada_Tukuyu
Naunga mkono. Kupunguza kasi ni hivi, kupitia CDP, njia ya Chrome ya kupokea amri za ndani (`muktadha` ni kikao cha kivinjari, `ukurasa` ni tabo yake):

`cdp = await muktadha.new_cdp_session(ukurasa)`
`await cdp.send("Network.emulateNetworkConditions", {"offline": False, "latency": 800, "downloadThroughput": 20000, "uploadThroughput": 8000})`

Latency, yaani ucheleweshaji, ni milisekunde, na hizo mbili za mwisho ni baiti kwa sekunde. Halafu `ukurasa.on("request", andika)`, ambapo `andika` ni funksheni yako ya kurekodi maombi. Iweke KABLA ya kubonyeza, la sivyo ombi la kwanza litakupita. Kumbuka pia `click` ya Playwright husubiri kitufe kiwe hai. Ukurasa ukikizima baada ya mbonyezo wa kwanza, wa pili utangoja, na hapo utajua ulinzi wa ukurasa unafanya kazi.

Kihesa_Juu
Jamani msiizike Selenium. Toleo la 4 limeanza kuingiza WebDriver BiDi, kiwango kinachoruhusu kivinjari kurusha taarifa kwa njia inayokusudiwa vivinjari vyote. Hiyo `new_cdp_session` ya dada ni ya Chromium tu, msingi wa Chrome; karani mwenye Firefox hujampima.

Na bando je? Playwright ikishusha vivinjari vyake ni mamia ya megabaiti. Mimi huku Iringa huwa naweka `channel="chrome"`, inatumia Chrome iliyopo kwenye mashine.

Mwana_Uyole
Asanteni sana. Makarani wote wako Chrome ya simu, Firefox iache kwanza. Kaka Kihesa, hiyo ya channel imeniokolea bando. Swali moja: nikiona maombi mawili yametoka, nizime tu kitufe?

Dada_Tukuyu
Zima, lakini haitoshi. Ombi la kwanza linaweza kufika, jibu likapotea njiani, karani akafungua ukurasa upya na kuandika tena. Kila pokezi lipewe namba yake ya pekee, itunzwe kwenye simu mpaka jibu lirudi, na hifadhidata ikatae namba ikija mara ya pili. Kisha skripti isiishie kuhesabu maombi. Tumia `ukurasa.route` kulipitisha ombi hadi kwenye seva kwa `route.fetch`, jibu likirudi ulitupe kwa `route.abort`, pakia ukurasa upya, tuma tena, halafu kahesabu risiti kwenye hifadhidata. Iwe moja.

Fundi_Mafinga
Hapo kwenye kutupa jibu ndipo penyewe. Anza na hilo, mkuu, kasi ya mtandao ifuate.